Bamba la Mwenye Meno Yote

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kufanya kazi. Mimi ni mzima isipokuwa jino. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yako na simu havijawahi kupatana, na jambo lenyewe linataka kusomwa polepole.

Jino ni la juu, upande wa kulia, la nne ukihesabu kutoka katikati. Lilianza kwa kushtuka kila nilipoonja chai ya moto, na kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuonja chai ya moto kutwa. Vikombe vinapangwa mezani, napita na kijiko, naivuta chai kwa kelele ili itawanyike mdomo mzima, naizungusha, natema kwenye ndoo, naandika alama, nakwenda kikombe cha pili. Nikajizoesha kuizungushia upande wa kushoto. Sasa jino halishtuki tena. Linauma lenyewe, hata nisipoligusa.

Nimekwenda kwa daktari wa meno, dada mmoja kijana anayeeleza mambo bila haraka. Anasema mshipa ulio ndani ya jino umekufa na umeanza kuoza. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kung'oa, kazi ya muda mfupi na fedha kidogo. Ya pili ni kutibu mzizi: anatoboa jino kwa chini, anatoa kilichooza, anasafisha mizizi yote miwili kwa visindano vyembamba, anaijaza dawa na kuiziba, halafu jino linavikwa kofia lisije likapasuka. Ni safari tatu au nne. Gharama yake pamoja na kofia ni kama mishahara yangu mitatu, na fedha hiyo sina.

Wewe umetengeneza meno ya bandia tangu sijazaliwa. Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Nisalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako

14 Februari

Mpwa wangu Kijiko,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo. Mgongo upo, umehamia kwangu kama mpangaji asiyelipa kodi wala kufikiria kuondoka. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Mimi sikuona hivyo, lakini nimeambiwa niandike.

Kuhusu jino: ng'oa.

Mishahara mitatu kwa ajili ya maiti? Maana jino mshipa ukishakufa ni maiti, hata ulivike kofia ya dhahabu. Hapa karakana nimepokea watu wengi waliotibiwa mizizi kwa bei kubwa, na baada ya miaka michache wakaja wameshika shavu, jino limepasuka, wanataka la bandia. Mkaza mjomba wako amesoma hapa juu ya bega langu, anasema waliopona hawana sababu ya kuja kwangu. Hilo nalo ni kweli, ila sikuulizwa habari zao.

Fanya hivi. Mwombe huyo daktari wako achukue kalibu ya meno yako ya juu kwa plasta. Aifunge kwa matambara, uitume kwa basi. Nitakutengenezea bamba lenye jino moja, rangi ileile, na kasoro kidogo ileile ya ukoo wetu, hata mama yako angefufuka asingejua kwamba ni la bandia. Malipo yangu ni barua. Dada yangu aliniachia wewe, hakuniachia wewe uende ukafilisike kwa sababu ya jino la nne.

Mjomba wako

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimecheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Hapa kazini hatujambo. Wameongeza taa juu ya meza ya kuonjea na sasa rangi ya chai inaonekana vizuri zaidi.

Daktari amechukua kalibu. Nimeituma leo kwa basi la asubuhi, imefungwa kwenye taulo ndani ya boksi la viatu. Naomba uitazame tu na kunipa maoni. Usianze kazi kwanza, kwa sababu bado naamua.

Kinachonizuia ni hiki. Umewahi kunieleza kwamba bamba, hata la jino moja, lazima lifunike sehemu kubwa ya kaakaa, la sivyo halikai. Sasa chai haionjwi kwa ulimi peke yake. Ulimi unasema kama ni chungu au ina ukakasi, pua inasema harufu, lakini uzito wa chai, yaani ikiwa imejaa mdomoni au ni maji yaliyopita karibu na majani, huo nausikia kwenye kaakaa. Sijui nitausikiaje nikiwa na paa la plastiki.

Utaniambia nikope. Chama cha akiba na mikopo cha hapa kazini kingenikopesha, lakini fomu inauliza sababu, na kwa sisi wa chumba cha kuonja lazima Mkuu wetu aitie sahihi. Mkuu akijua kwamba nina jino lililooza ataniondoa mezani. Si mtu mbaya. Ndiyo kanuni: mwenye mafua haonji, mwenye kidonda mdomoni haonji. Viti mezani ni vinne, na mwenzetu tunayemwita Pua anasubiri kiti mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri.

Nisalimie nyumbani.

Mpwa wako

9 Machi

Kijiko,

Marahaba. Wote wazima. Mkaza mjomba wako amepaka ukuta wa jikoni rangi ya kijani na hakuniuliza, kwa hiyo nami nimefanya jambo bila kukuuliza.

Bamba liko ndani ya kopo hili, limefungwa pamba. Usishtuke. Nitakueleza nilivyofanya ili ujue si kazi ya kubahatisha. Kwetu mtu akitaka kung'olewa asubuhi na kutoka na jino jipya mchana, hatungoji pengo. Tunachukua kalibu yake, tunalikata lile jino kwenye plasta kwa msumeno mdogo, tunalainisha mahali pake kama ufizi utakavyokuwa, tunatengeneza bamba juu ya hapo. Kwa hiyo kwenye plasta wewe umeshang'olewa. Nimeshakung'oa, hukusikia hata maumivu. Kilichobaki ni huyo daktari wako kufika nilipofika mimi.

Uliniambia nisianze. Niliitazama tu kalibu siku mbili kama ulivyoomba. Siku ya tatu mkono ukaanza.

Habari ya kaakaa usiitie moyoni. Nimevaa bamba langu la juu miaka ishirini na miwili na sijakosa ladha ya kitu. Wateja wote nawaambia: wiki mbili mdomo unanung'unika, halafu unasahau.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa bamba. Kazi ni nzuri sana. Nimeliweka mezani nikalitazama kwa muda, na kweli jino ni letu, limegeuka kidogo kama la mama. Daktari naye alilishika, akalitazama kwenye dirisha, akauliza ni nani aliyelitengeneza. Nilijibu kwa kujidai.

Ila halivaliki, Mjomba. Jino lako halina pa kukaa kwa sababu langu bado lipo. Nilijaribu, likaning'inia kama kitasa kilichofungwa kwenye mlango usio wake.

Sitaki kung'oa kwanza ndipo nigundue kama naweza kuonja. Likishatoka halirudi. Kwa hiyo nina ombi ambalo huenda litakuudhi. Nalirudisha bamba kwa basi la kesho. Liondoe jino, uache nafasi ya langu, unirudishie bamba tupu. Nitalivaa jioni, baada ya saa za kazi, nionje vikombe ambavyo nimeshavitia alama mchana, nilinganishe. Nikiona alama zinafanana nitang'oa siku hiyohiyo, na jino lako litapata nyumba. Zisipofanana nitajua.

Maumivu yamepungua wiki hii. Daktari anasema kupungua si kupona.

Mpwa wako

24 Machi

Kijiko,

Marahaba. Nimelitoa jino kama ulivyotaka. Sasa unalo bamba la mtu mwenye meno yote, kitu ambacho sijawahi kukitengeneza maishani na sijui mwanafunzi wa karakana akiniuliza ni la nini nitamjibuje. Nimeiambia plasta yako samahani.

Wazima wote.

Mjomba wako

6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ni wazima. Hapa mvua imeanza na chai ya msimu mpya inaingia kwa mafungu makubwa, kwa hiyo tunaonja mpaka ndimi zinachubuka.

Nimevaa bamba jioni saba. Jioni tatu za mwanzo sikuandika chochote, nilitaka mdomo uzoee kama ulivyosema. Jioni nne zilizofuata nilijipangia vikombe kumi na viwili, mfagizi akavichanganya nikiwa nimetoka nje, nikavionja bila kuona vibao vyake.

Harufu ilikuwa sawa. Uchungu ulikuwa sawa. Uzito sikuupata. Chai tatu nzito kuliko zote za siku ile niliziandika nyepesi, na moja nyepesi niliiandika nzito kwa sababu ilikuwa na ukakasi, nikadhani ndio uzito. Ilikuwa hivyo jioni zote nne. Jambo jingine, sikusikia joto mpaka lilipofika kooni, na jioni ya tatu niliungua.

Sikuandika haya kukukosoa. Bamba lenyewe linakaa vizuri, halichezi, halinikwaruzi. Kasoro si ya mkono wako. Ni kwamba mimi nafanya kazi na mahali ambapo wewe unapafunika.

Kwa hiyo itabidi nitibu mzizi. Sijui bado nitalipaje. Nilikuwa nafikiri kama ungeweza kunisaidia hata sehemu, ningekurudishia kidogokidogo kila mwezi. Kama haiwezekani niambie tu, hakuna neno.

Mpwa wako

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ni mwezi wa pili huu sijapata barua. Nilimpigia mkaza mjomba, akasema upo, unakula, unashinda karakana mpaka giza linaingia, na kwamba utaandika. Nilimuuliza kama umekasirika. Akasema, "Mjomba wako akikasirika anatengeneza meno, na akifurahi anatengeneza meno, kwa hiyo mimi nitajuaje?"

Kama ombi la fedha ndilo lililokuudhi, lifute.

Wiki iliyopita shavu lilivimba. Nilisema kazini kwamba nimeng'atwa na nyuki. Pua akaleta barafu, akalishika shavu langu kwa upole kuliko nilivyostahili. Daktari alinipa dawa na uvimbe umekwisha, lakini ananiambia ni mara ya mwisho kunipa dawa peke yake. Likivimba tena atang'oa, nitake nisitake, kwa sababu usaha ukipanda utanidhuru zaidi ya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi nikiamka nina ladha mdomoni. Ni kitu cha chumvi na chuma, kinatoka pale kwenye jino. Nasukutua mpaka kiishe kabla ya kwenda kazini. Nilidhani kinaisha. Juzi nilizilinganisha alama zangu na za wenzangu watatu kwa wiki kadhaa. Mchana tunakubaliana. Asubuhi, mimi niko chini yao karibu kila siku. Chai ninazoziandika kuwa na ladha chafu, wao hawaioni hiyo ladha.

Alama zetu nne zinajumlishwa na kugawanywa, na bei ya fungu inatoka hapo. Kuna watu mashambani wamelipwa pungufu, si sana, lakini wamelipwa pungufu kwa sababu ya ufizi wangu.

Naomba unijibu, hata mstari mmoja.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Nimechelewa na najua. Sisi wazima. Ukipata barua hii usifanye jambo lolote kabla hujaisoma mpaka mwisho.

Barua yako ya zile jioni saba niliisoma mara moja nikaiweka chini ya kopo la nta. Nilikasirika. Nikajiambia, huyu amejaribu siku saba, mimi nimevaa miaka ishirini na miwili, nani anajua? Nikakaa hivyo siku kadhaa. Halafu jioni moja mkaza mjomba wako aliniletea chai karakana. Nilikuwa nimelivua bamba langu kulipiga msasa, maana lilikuwa na pembe inayonichoma. Nikainywa chai hivyohivyo, kaakaa wazi.

Mpwa wangu, ilikuwa nzito.

Nilikwenda jikoni nikamuuliza ameweka nini. Akasema, chai na maji, kama siku zote. Nikalivaa bamba nikanywa kikombe kilekile. Ikawa chai ninayoijua. Nikalivua, ikawa ile nyingine. Nilifanya hivyo mpaka kikombe kikaisha na akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Wewe hujui hili, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikimlalamikia kwamba tangu tumezeeka anabana majani. Nimemlalamikia mbele ya wageni. Nilipomweleza nilichogundua alitundika kitambaa chake, akaenda kwa jirani. Alirudi baada ya kula huko. Siku tatu alinipikia maji ya moto, akaniwekea majani pembeni, akasema nijipimie mwenyewe.

Basi, kuhusu jino lako. Fedha taslimu sina, na nisingekudanganya. Lakini hapa mjini yupo Daktari Mrefu, ambaye nimemtengenezea mabamba ya wagonjwa wake tangu alipokuwa na nywele. Yeye anatibu mizizi. Nilimwendea. Tumekubaliana hivi: atakutibu mzizi na kukuvika kofia, na mimi nitamfanyia mabamba yake yote mpaka mwisho wa mwaka bila malipo ya mkono wangu, plastiki na meno ananunua yeye. Nilitaka kukuandikia tangu mwanzo wa mwezi, lakini nikaona niandike likiwa limeshakuwa, si likiwa bado ni maneno ya mzee. Kwa hiyo nilianza kazi kwanza. Mabamba tisa ameshayapokea. Hawezi tena kubadili mawazo, na mimi pia siwezi.

Omba likizo ya mwezi wa Julai, sema mjomba wako mgongo umemzidi, maana ni kweli vilevile. Hakuna atakayejua habari za jino. Utarudi kwenye kiti chako kama ulivyotoka.

Na zile alama za asubuhi, onja mchana tu kwa sasa. Tafuta sababu.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako, na leo siliulizii tena, nakupa habari tu.

Asubuhi ya leo nilimwendea Mkuu kabla vikombe havijapangwa. Nilimwambia nina jino lililokufa, lina usaha, ni tangu mwanzo wa mwaka, na kwamba alama zangu za asubuhi si za kuaminika. Nilimpa ule ulinganisho nilioufanya.

Aliusoma wote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Fungua." Nikafungua mdomo pale pale, akatazama kwa tochi ya simu kama vile ananunua ng'ombe. Akasema, "Na bado umekuwa ukija." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kila siku." Nikasema ndiyo.

Nimeondolewa mezani kuanzia leo. Fomu ya mkopo ameitia sahihi hapohapo, hakuuliza nitalipaje. Pua amekaa kwenye kiti changu. Alikuja baadaye kuniambia kwamba hakutaka kukipata namna hii. Nilimuuliza alitaka namna gani. Akafikiri, akasema, "Nilidhani utaolewa mbali." Tukacheka wote wawili.

Sampuli za akiba za mafungu yote ya Aprili na Mei zitaonjwa upya.

Msalimie mkaza mjomba. Nisamehe kama nilikosea kukuandikia habari ya bamba bila kuzunguka.

Mpwa wako

12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani, bila shaka umeshaona. Yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya mabasi, kisha nikaketi kwenye mzigo wa mtu.

Sina la kusema ambalo mkaza mjomba wako hajaniambia tayari, na kwa sauti kubwa, ili nisikie. Anasema wanaume wengine wanaandika barua kwanza ndipo wanafanya kazi. Anasema karatasi ni nyepesi kuliko mabamba tisa.

Usiuchukue huo mkopo. Daktari Mrefu anakungoja, ameshalipwa sehemu kwa kazi, na sehemu iliyobaki naendelea nayo. Njoo hivyohivyo. Sasa huna hata haja ya kusingizia mgongo wangu.

Chumba chako kimefagiliwa. Jikoni ni kijani, utazoea.

Mjomba wako

20 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama. Basi liliharibika mara moja tu. Namshukuru mkaza mjomba kwa mzigo aliofunga. Nimegawa nusu kazini, na Pua anauliza kama mnaasili watu wazima.

Kofia inakaa vizuri. Natafuna upande wa kulia, na siku za kwanza ilikuwa kama kuingia kwenye chumba cha nyumba yako ambacho kilikuwa kimefungwa kwa muda mrefu. Asubuhi naamka mdomo ukiwa hauna ladha ya kitu chochote. Nimekwenda kwa yule dada daktari wa hapa akapiga picha, akasema mizizi yote miwili imejazwa mpaka ncha na hajaona kazi safi kama hiyo. Mwambie Daktari Mrefu. Mwambie pia samahani kwa zile siku mbili ulipokaa mlangoni ukimfundisha namna ya kushika sindano. Alikuwa na haki ya kukutoa nje.

Fomu ya mkopo nimeirudisha bila kuchukua fedha.

Sasa habari ya kazi, kwa sababu uliniomba nisifiche. Mafungu yalionjwa upya wakati niko kwenu. Kumi na moja yalikuwa yameshushwa daraja kwa sababu ya alama zangu, na wenyewe wameongezewa kilichopungua. Mkuu aliniita akanionyesha. Hakufoka. Alisema kilichomuudhi si jino, ni ile miezi. Akasema angekuwa na chumba kingine cha kuonja angenipeleka huko, lakini hana, na mezani kwa sasa kuna watu wanne wenye midomo mizima. Nimepangiwa chumba cha sampuli. Nachemsha maji, napima majani, napanga vikombe, naosha vikombe. Mshahara umeshuka. Mwakani Mkuu atanipa jaribio pamoja na wengine wawili, na atakayeshinda ndiye atakayengojea kiti kitakapopatikana. Hakuniahidi zaidi ya hapo.

Pua ni mwonjaji mzuri. Anafika mapema, anaandika polepole. Ananiachia vikombe vyake vya mwisho nivipitie akishaondoka, na hakuna aliyetukataza bado. Navionja nikiwa peke yangu na kuviandika kwenye kipande cha karatasi, kisha nalinganisha na alama zake. Mara nyingi tunakubaliana. Uzito naupata wote.

Nimekuwa nikifikiria ile barua yako ya tarehe thelathini. Ilifika siku tatu baada ya mimi kwenda kwa Mkuu. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye chumba cha sampuli na aproni ya kuoshea vikombe. Ingefika kabla, ningefanya kama ulivyosema. Ningeomba likizo kwa jina la mgongo wako, ningetibiwa, ningerudi kwenye kiti changu, na yale mafungu kumi na moja yangebaki yalivyo na hakuna mtu angejua. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kukataa, na jibu ni kwamba nisingekataa. Ningefurahi sana, ningekwambia asante, na ningenyamaza.

Usijilaumu kwa kuchelewa, Mjomba. Wala usijisifu.

Mpwa wako